Maji Kwanza, Mafuta Baadaye: Historia ya Kutunza Ngozi Kati ya Beni na Kasugho

Ngozi ya mtu wa nyanda za juu za Lubero hupauka upesi. Kasugho, katika uchifu wa Batangi, iko magharibi ya mji wa Lubero, pale milima ya Wanande, ambao wenyewe hujiita Wayira, inapoanza kuteremka kuelekea msitu mkubwa wa Kongo. Asubuhi kuna ukungu na baridi, mchana jua la ikweta huchoma utosini, na jioni watu huketi karibu na moto wa kuni. Katika majira makavu, Januari na Februari na tena Juni na Julai, upepo hunyonya unyevu wa kila kitu. Hewa ya baridi hubeba mvuke mchache, jua hukausha, na joto la jikoni huongezea. Dalili zake zinajulikana na kila mama: miundi yenye weupe kama wa majivu, midomo iliyopasuka, vidole vinavyokwaruza kitambaa, na magaga kwenye visigino vya wanaokwenda shambani pekupeku.

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni jembamba kuliko karatasi. Limeundwa na chembe zilizokufa zilizopangwa kama matofali, na kati yake kuna mafuta yanayoziunganisha kama udongo wa mjenzi. Chembe hizo zina vitu vinavyoshika maji, na mafuta yale huyazuia yasitoroke. Sabuni ikiyaosha mafuta, maji huvukia, tabaka hukakamaa na kupasuka, na nyama hai iliyo chini huanza kuwasha. Kwa hiyo ngozi kavu inataka mambo matatu: ipewe maji, maji hayo yazibiwe njia, na sehemu iliyokwisha kuwaka itulizwe. Karibu kila kitu kilichowahi kupakwa mwilini kati ya Beni na Kasugho kinafanya moja au mawili kati ya hayo matatu. Vinavyofanya yote ni vichache sana, na ndiyo maana watu wamekuwa wakichanganya.

Maji hayakukosekana milimani, kwa kuwa vijito ni vingi. Mafuta ndiyo yaliyokuwa na safari. Mchikichi hupenda joto na haustawi kwenye baridi ya Lubero. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko mti huo hauna faida. Unastawi chini, kwenye bonde la Semliki, kuelekea Mutwanga na Watalinga, kandokando ya Beni, na magharibi kwenye misitu ya Mangurejipa. Mawese yalipanda mlima migongoni mwa watu, na maharage, mbuzi na mazao mengine ya baridi yakateremka. Njia hizo za biashara ni za zamani kuliko mipaka ya nchi. Wanande walikuwa wakifuata chumvi hadi Katwe, ng'ambo ya Ziwa Edward, kwenye mashimo ambayo Henry Morton Stanley aliyapita mwaka 1889 na kuyaeleza kwa wasomaji wa Ulaya. Chumvi na mafuta vilikuwa bidhaa za kila nyumba, na pasipo soko la kubadilishana mtu wa mlimani asingevipata.

Kutoka tunda moja hupatikana mafuta ya aina mbili, na tofauti yake ina maana kubwa kwa ngozi. Nyama ya nje ya ngazi, kama Wakongo wanavyoyaita matunda ya mchikichi, huchemshwa, hutwangwa kwenye kinu na kuoshwa kwa maji moto hadi mafuta mekundu yaelee. Hayo ndiyo mawese, na wekundu wake unatokana na karotini ile ile inayoipa karoti rangi yake. Kokwa zinazobaki huanikwa, hupasuliwa kwa mawe, na mbegu zilizo ndani hukaangwa chunguni mpaka ziwe nyeusi. Kisha hutwangwa na kuchemshwa tena. Mafuta yanayopatikana ni ya hudhurungi, mazito, yenye harufu ya moshi. Upande wa Kigoma huitwa mafuta ya mise. Mawese ni ya chungu. Haya ya mbegu ni ya mwili na nywele, na hasa ya mtoto mchanga.

Mafuta ya mbegu huyeyuka kwenye nyuzijoto 25 au zaidi kidogo. Mjini Beni, mchana wa joto, humiminika kutoka kwenye chupa. Yakifikishwa kwenye baridi ya mlimani huganda chupani na kubadilika rangi, na mgeni anaweza kudhani yameharibika. Mama anayemwogesha mtoto huko huyachokoa kwa kidole au kijiti na kuiweka chupa karibu na mafiga kabla hajaanza. Mtoto huogeshwa kwa maji ya vuguvugu kwenye beseni na kufutwa kidogo tu. Mafuta husuguliwa katikati ya viganja hadi yalainike, kisha hupakwa kuanzia kifuani na mgongoni mpaka kwenye mikunjo ya shingo na mapaja, mwili ukiwa bado na umaji. Hakuna aliyehitaji kuambiwa na kitabu kwamba mafuta yaliyopakwa kwenye ngozi yenye maji huyafungia maji hayo ndani. Mtoto aliyepakwa akiwa mkavu alipauka kabla ya saa sita, na hilo lilitosha kuwa fundisho.

Mchikichi haukuwa peke yake. Katika ukanda wote wa Maziwa Makuu watu walitumia mafuta ya mbarika, na kwa wafugaji wa ng'ombe wa Ituri, Uganda na Rwanda samli ilikuwa mafuta ya mwili ya kila siku. Katika misitu ya bonde la Kongo mawese yalichanganywa na ngula, unga mwekundu wa mti uliosagwa juu ya jiwe, na mwili mzima ukapakwa kwa ajili ya sherehe, ugonjwa au uzazi. Ni mmoja wa michanganyiko ya kale katika eneo hili ya kitu cha kulainisha na kitu kinachoaminika kutuliza, na haukuwa urembo mtupu: uliwekwa pia juu ya ngozi yenye vipele. Asali ya msituni, ambayo Wambuti waliitoa kwa kubadilishana na ndizi na chuma, ilipakwa kwenye vidonda na midomo. Asali huvuta maji na kuyashika, na ni kali kwa vijidudu kwa sababu sukari yake huwanyang'anya maji.

Sabuni nayo ilikuwapo kabla ya kiwanda. Majivu ya maganda ya ndizi yana potasi nyingi. Yakichujwa kwa maji na kupikwa pamoja na mafuta hutoa sabuni laini ya hudhurungi. Inasafisha vizuri, tena kupita kiasi. Uso wa ngozi yenye afya una uchachu kidogo, lakini maji ya majivu ni makali kinyume chake, na aliyeoga kwa sabuni hiyo bila kujipakaa baadaye alitoka na mwili unaovutana. Desturi ya kuoga na ya kujipakaa zilikwenda pamoja kwa sababu hiyo.

Pwani, mbali sana na hapo, Waswahili walifika kwenye wazo lile lile kwa njia nyingine. Liwa, msandali uliosagwa juu ya jiwe kwa maji au marashi ya mawaridi, ilipoza ngozi. Singo ilimsugua bibi harusi hadi akang'aa. Misafara ya waungwana kama ile ya Kilongalonga, ambayo watu wa Stanley walikutana nayo Ituri katika miaka ya 1880, iliifikisha lugha ya Kiswahili kwenye misitu hii. Liwa haikushika mizizi huku, kwa kuwa msandali wake ulitoka ng'ambo ya bahari, na mtu wa Beni alikuwa na mchikichi nyuma ya nyumba.

Mambo yalibadilika pale mafuta yalipoanza kuondoka Kongo kwa meli. Tarehe 14 Aprili 1911 serikali ya Ubelgiji ilitia saini mkataba na William Lever, Mwingereza aliyetajirika kwa sabuni ya Sunlight tangu 1884. Kampuni yake, Huileries du Congo Belge, ilipewa haki ya kuvuna michikichi katika maeneo makubwa, na kitovu chake kikawa Leverville, kwenye mto Kwilu. Huko ni magharibi ya nchi, mbali na Kivu, eneo lenye Beni na Lubero, lakini biashara ya mafuta ikawa ya nchi nzima. Iliendeshwa kwa shuruti: wanaume walilazimishwa kupanda michikichi na kukata vichala, na mwaka 1931 Wapende wa Kwango waliasi na wakauawa kwa mamia. Historia yoyote ya sabuni ya karne ya 20 isiyotaja vifo hivyo imepungukiwa.

Katika viwanda vya Ulaya mafuta hayo yaligawanywa. Mafuta yakichemshwa na magadi makali hutoa vitu viwili, sabuni na gliserini, na kila kilo 100 za mafuta hutoa takriban kilo 10 za gliserini. Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi aliigundua mwaka 1779 alipochemsha mafuta ya zeituni, akastaajabia utamu wake; Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyeipa jina. Kwa ngozi ni kitu cha thamani, maana huvuta maji na kuyashika kwenye tabaka la juu, kazi ambayo mawese peke yake hayaiwezi. Sabuni iliyopikwa kijijini hubaki na gliserini yake ndani. Kiwanda kikubwa huitoa na kuiuza kando, kwa ajili ya dawa, vyakula, vipodozi na, tangu Alfred Nobel alipopata hataza ya baruti yake mwaka 1867, kwa ajili ya milipuko. Mche wa sabuni uliorudi Kongo ulikuwa umenyang'anywa nusu ya wema wake, na nusu hiyo ikarudi baadaye kwenye chupa ndogo, kwa bei yake yenyewe.

Kitu cha pili kilichotoka ng'ambo hakikuwa cha mmea wala cha mnyama. Robert Chesebrough wa Marekani alipata hataza ya Vaseline mwaka 1872, baada ya kuona wafanyakazi wa visima vya mafuta ya petroli wakijipaka nta nzito iliyoganda kwenye mitambo juu ya michubuko yao. Vazelini haitoi maji, haitulizi kwa dawa yoyote, na haiingii ndani. Inaziba tu, na katika kuziba haina mshindani. Tena haiozi. Mafuta ya mbegu za mchikichi hupata uvundo yakikaa, lakini kopo la vazelini hukaa dukani mwaka mzima bila kubadilika. Kwa muuza duka wa mlimani, anayeletewa mzigo mara chache, sifa hiyo ilishinda nyingine zote.

Butembo yenyewe ilianza kukua kama kituo cha kampuni ya madini, Minière des Grands Lacs, mwishoni mwa miaka ya 1920. Wamisionari Waasumsio walifika Beni mwaka 1929, na misheni za Kiprotestanti zilikuwa jirani. Kwenye zahanati zao ngozi ilikuwa kazi ya kila siku: upele, vidonda vya miguu, majeraha ya jembe. Mahali ambapo ngozi ilitazamwa kwa makini kuliko kote ni Oicha, kaskazini ya Beni. Daktari Carl Becker, Mmarekani, alifika Kongo mwaka 1929 na kuhamia Oicha mwaka 1934, na huko akajenga hospitali na kijiji cha wagonjwa wa ukoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa akiwahudumia wapatao 4,000, wakazi wa kijiji na wa kutoka nje.

Dawa ya ukoma ya zama hizo ilikuwa mafuta. Mafuta ya chaulmoogra yalikamuliwa kutoka mbegu za mti wa Asia, na kwa karne nyingi Wahindi na Wachina walikuwa wakiyapaka au kuyanywa. Kuyadunga kulileta maumivu na majipu kwa sababu hayachanganyiki na maji ya mwili. Mwaka 1915 na 1916 mkemia Mmarekani mweusi, Alice Ball, akiwa Hawaii, alifaulu kuyageuza ili mwili uyapokee. Alifariki mwaka 1916 akiwa na umri wa miaka 24, na wengine wakachukua sifa yake kwa muda mrefu. Dawa za jamii ya sulfoni, zilizojaribiwa Carville, Marekani, tangu 1941, ndizo zilizokomesha enzi ya chaulmoogra.

Lakini dawa inayoua kijidudu hairudishi jasho. Ukoma huharibu mishipa ya fahamu, na pamoja nayo ile inayoamuru jasho na mafuta ya ngozi. Mguu hukauka kama gome, hupasuka bila maumivu, na mpasuko usiouma huwa donda. Kazi ya daktari Paul Brand huko Vellore, India, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, ilionyesha kwamba vidole vilipotea kwa majeraha yasiyosikika wala si kwa nyama kuoza. Kutokana na ufahamu huo, huduma ya ukoma duniani kote ilishika kanuni moja ambayo mgonjwa huifanya mwenyewe kila siku: loweka miguu kwenye maji baridi kwa dakika 20 hivi, kwangua ngozi ngumu kwa jiwe, na kabla miguu haijakauka ipake mafuta au vazelini. Mafuta ya kupikia yanatosha ikiwa hakuna mengine. Haya ni mafundisho ya ngozi kavu yaliyopimwa kwa maisha ya watu wengi, na mpangilio wake ni ule ule wa beseni la mtoto.

Uhuru ulikuja 1960, na vita vya miaka ya mwanzo vikavuruga misheni na barabara. Agizo la Rais Mobutu la tarehe 30 Novemba 1973, lililohamisha biashara za wageni kwa Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo, lilifuatwa na upungufu wa bidhaa nchi nzima. Butembo ilisimama kwa nguvu zake. Wafanyabiashara wake, ambao Vwakyanakazi Mukohya alifanya utafiti wa kitaalamu juu yao, walipeleka kahawa na mboga na kurudi na bidhaa za Afrika ya Mashariki, na baadaye za Dubai na China, kupitia Mombasa, Kampala na forodha ya Kasindi. Ndani ya mizigo hiyo mlikuwa na gliserini, vazelini, pomadi na losheni. Viwanda vya Uganda viliongezeka baadaye, kama Movit iliyoanzishwa mwaka 1997. Wakati huohuo mafundi wa sabuni wa mjini na vijijini walikuwa wakipika mawese kwa soda kostiki mapipani, na sabuni zao, zikiwa bado na gliserini, zikapanda mlima kwa chukudu, vile vyombo vya mbao vya magurudumu mawili, na kwa pikipiki.

Kwa njia hizo hizo ikaja sumu. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wafanyakazi weusi wa kiwanda cha kutengeneza ngozi nchini Marekani waliota mabaka meupe mikononi, na chanzo kikapatikana kwenye glovu zao za mpira: kemikali ya jamii ya hidrokinoni. Kilichokuwa ajali ya kazini kikageuzwa biashara ya krimu za kujichubua. Mwaka 1975 daktari G. H. Findlay na wenzake wa Pretoria walieleza jinsi wanawake waliotumia krimu hizo kwa miaka walivyopata mabaka meusi ya samawati yasiyoondoka, na Afrika Kusini ikapiga marufuku hidrokinoni kwenye vipodozi mwaka 1990. Zebaki ni mbaya zaidi, maana hupenya hadi kwenye figo. Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuagiza na kuuza nje krimu zenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni.

Mkorogo, kama wanavyouita Tanzania, ni kinyume kamili cha uchanganyaji unaoelezwa hapa. Muuzaji hukoroga kwenye kopo moja krimu ya kuchubua, krimu ya steroidi, losheni na gliserini. Steroidi hutuliza kweli, na kwa haraka inayomvutia mnunuzi: muwasho hukoma kesho yake. Lakini ikitumiwa miezi na miezi huikondesha ngozi hadi mishipa ya damu ionekane, na akiacha, muwasho hurudi na zaidi. Ngozi nyeusi ina kinga ya asili dhidi ya jua la ikweta. Kuiondoa kinga hiyo kwenye mwinuko wa Lubero, ambako mionzi ni mikali kuliko bondeni, ni kujidhuru mara mbili. Anayefahamu thamani ya kinga hiyo kuliko wote ni mtu mwenye ualbino, aliyezaliwa bila hiyo. Huko Moshi, Tanzania, kwenye kituo cha kufundisha madaktari wa ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, ilianza kutengenezwa krimu ya jua iitwayo Kilisun, iliyobuniwa kwa ajili ya watu hao.

Njia ya kutuliza ngozi kwa mimea haikufa. Katika miaka ya 1980 mfamasia Mjerumani Hans-Martin Hirt, akifanya kazi magharibi ya Zaire, aliandika na Wakongo wenzake mafundisho ya dawa za asili ambayo yalienea hadi Kivu. Marhamu ya aina hiyo ni rahisi: mafuta ya mimea huchemshwa polepole pamoja na majani ya dawa, huchujwa, na nta ya nyuki huyeyushwa ndani, karibu sehemu moja ya nta kwa kumi za mafuta. Rwanda nayo ilikuwa na kituo chake cha utafiti wa dawa za mimea mjini Butare. Mmea mmoja unaoota penye unyevunyevu katika eneo lote hilo, ambao Wanyarwanda huuita gutwikumwe kwa sababu jani lake lina umbo la sikio, ndio Centella asiatica. Nchini Madagaska, katika miaka ya 1940, watafiti waliokuwa wakishughulikia ukoma walitoa kiini chake na kutengeneza dawa ya vidonda. Leo vipodozi vya Korea vinauzwa duniani kwa jina la mmea huo, kama kitulizo cha ngozi iliyowaka.

Mshubiri, ambao siku hizi umepandwa kwenye makopo mbele ya nyumba nyingi, unaonyesha vizuri kwa nini kitu kimoja hakitoshi. Ute wake ni maji kwa asilimia 98 au zaidi. Ukipakwa kwenye ngozi iliyochomwa na jua hupoza papo hapo, kisha maji yake huvukia na ngozi hubaki inavutana kuliko awali. Lazima kitu cha kuziba kipakwe juu yake. Gliserini tupu nayo, ikipakwa bila maji siku ya upepo mkavu, hukosa unyevu wa kuvuta hewani na huanza kuuvuta kutoka ndani ya ngozi yenyewe; ndiyo maana hunata na kuwasha. Ikizimuliwa kwa maji na kufuatiwa na mafuta, hufanya kazi yake barabara.

Mtihani mkubwa wa ngozi za watu wa eneo hili ulikuja tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilipotangazwa kutoka Mangina, magharibi ya Beni. Ugonjwa uliingia Beni, Butembo na Katwa, na ulipotangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020 watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Kwa karibu miaka miwili, kwenye vizuizi vya barabara, milango ya makanisa, masoko na shule, kila mpita njia alisimama penye ndoo yenye bomba, akanawa, akapimwa joto. Mara nyingi maji yalikuwa na klorini. Kiwango cha mikono ni asilimia 0.05, na hata kiwango hicho hukausha. Mtu aliyevuka vizuizi vitano kwa siku alifika nyumbani na viganja vinavyokwaruza. Mikono iliyopasuka si jambo dogo wakati wa Ebola, kwa kuwa ngozi nzima ndiyo ngome ya kwanza ya mwili, na mpasuko ni mlango. Kunawa kuliokoa maisha. Kujipakaa baada ya kunawa kulikuwa sehemu ya kinga hiyo hiyo.

Ugonjwa wa Korona ulifika nchini Kongo Machi 2020, kabla Ebola haijaisha. Dawa ya mikono iliyoenezwa na Shirika la Afya Duniani ina kanuni inayojulikana: ethanoli asilimia 80, hidrojeni peroksaidi asilimia 0.125, na gliserini asilimia 1.45. Gliserini hiyo haiui chochote. Imewekwa kwa ajili ya ngozi tu, ili mnawaji asiiogope chupa kesho. Kile alichokionja Scheele mwaka 1779, kinachozaliwa kila mara mawese yanapogeuka sabuni, kikawa viganjani mwa dunia nzima.

Huko Mutwanga, chini ya Ruwenzori, umeme wa maji uliowashwa na Hifadhi ya Virunga mwaka 2013 uliwezesha kiwanda cha sabuni, SICOVIR, kinachonunua mafuta ya wakulima wa hapo. Mchikichi wa Semliki ulipata kiwanda chake karibu na shina lake. Kazi hiyo haifanyiki kwa amani. Mauaji yaliyoanza Beni mwaka 2014 yamewafukuza wakulima kutoka mashamba ya michikichi ya Watalinga, Mbau na Eringeti, na wengi wamekimbilia Butembo na Lubero na kuwa wanunuzi wa mafuta waliyokuwa wakiyakamua wenyewe.

Kasugho inajulikana zaidi kwa jambo jingine: hifadhi ya jamii ya Tayna, iliyoanzishwa mwaka 1998 na machifu wa Batangi na Bamate kwa ajili ya sokwe, na chuo kikuu cha hifadhi ya mazingira kilichofuata. Msitu huo uliolindwa ndio unaotunza nyuki wa asali na nta pamoja na mimea ya dawa. Parachichi hazikosekani katika masoko ya nyanda hizi, na nyama yake ina mafuta laini yanayofaa midomo na visigino. Kwa anayeishi huko, vitu vinavyohitajika vyote vinapatikana sokoni au uani: maji ya vuguvugu yasiyo moto sana, sabuni kidogo, gliserini iliyozimuliwa au asali, ute wa mshubiri penye muwasho, na mwisho mafuta ya mbegu, marhamu ya nta au vazelini juu ya ngozi ambayo bado ina umaji. Kitu kipya kijaribiwe kwanza kwenye kipande kidogo cha mkono kwa siku moja au mbili. Mpasuko unaotoa usaha na baka lisilo na hisia havitaki mafuta: vipelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.